Nimefungua Yashica Mat 124G ya marehemu mjomba: shata imeganda, lenzi ina ukungu. Karibuni kwenye uzi

Mchumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mjomba wangu alikuwa na studio Tanga. Alipofariki, vilivyogombaniwa ni kiwanja na pikipiki. Kamera hakuna aliyeitaka, ikakaa kwenye sanduku la bati hadi mwaka huu nilipoenda msibani nikaikumbuka. Ni Yashica Mat 124G, ile ya macho mawili, unaining'iniza shingoni halafu unainama kama mtu anayechungulia kisima. Zilitengenezwa Japani kuanzia 1970 hadi 1986. Hiyo G ni ya dhahabu, kwa sababu viunganishi vya umeme vya kipima mwanga vilipakwa dhahabu visipate kutu. Watu wa rika letu mnaikumbuka hata kama jina hamlijui: mtoto kwenye kigoda, nyuma pazia lililochorwa ndege, na mpiga picha anakwambia "tazama hapa" huku yeye mwenyewe hakutazami.

Hali niliyoikuta:

Spidi za haraka zinapiga. Kuanzia 1/15 ya sekunde kushuka chini inakuwa mvivu, na kwenye sekunde moja shata inafunguka halafu inabaki wazi mpaka uitikise. Lenzi zote mbili zina ukungu, ule wa nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Tanga hiyo, na sanduku la bati, sikushangaa. Ukitazama kwa juu unaona giza na vumbi. Sponji za mlango wa nyuma zimegeuka lami, zinanata kwenye vidole.

Na kuna historia. Mjomba aliwahi kuipeleka kwa fundi mmoja, akaidondoshea mafuta ya cherehani. Ilifanya kazi wiki mbili, ikagoma kuliko mwanzo.

Mimi si fundi kamera. Nafanya kazi ya stoo, ila nina subira na nina trei ya mayai. Mwenye ujuzi anisimamie kabla sijaharibu.

KibokoYaMbu

Trei ya mayai ya nini tena mkuu? Au ndiyo chai ya mafundi?

Mchumbageni

Mashimo thelathini, mkuu. Skrubu ya kwanza kutoka inaingia shimo la kwanza, ya pili la pili. Wakati wa kurudisha naanza mwisho kurudi mwanzo. Na kila hatua napiga picha kwa simu.

fundi_koili

Kabla hujagusa chochote: una bisibisi gani?

Mchumbageni

Nyota ndogo za kufungulia simu, seti ya Kariakoo.

fundi_koili

Basi simama hapo hapo. Skrubu za kamera za Kijapani zina msalaba, lakini si nyota tuliyoizoea. Wana kipimo chao kinaitwa JIS. Bisibisi ya kawaida ncha yake ni ndefu kidogo, inagusa chini kabla mabawa hayajakaa, ukizungusha inapanda juu na kula kichwa cha skrubu. Ukishakila umekwisha, utaanza kutafuta drili. Kama hupati ya JIS, chukua ya kwako usage ncha kidogo sana kwenye jiwe la kunolea mpaka ikae bila kucheza. Mimi redio za zamani za Kijapani nimezifungua hivyo miaka yote.

Halafu usiongeze mafuta. Narudia. USIONGEZE MAFUTA.

Dada Lenzi

Nidakie hapo kwa mkuu koili, maana hili watu wengi hawalielewi. Shata ya kamera hii ni vibati vyembamba vinavyofunguka kama ua katikati ya lenzi. Vibati hivyo vinatembea vikavu. Chukua vioo viwili vya dirisha, weka tone la maji katikati, ubandike, kisha jaribu kuvitenganisha. Ndicho mafuta yanachofanya. Springi inayovisukuma haina nguvu za kushinda mnato huo. Fundi anadondosha mafuta, wiki ya kwanza ni mepesi, baadaye yanakamata vumbi, yanakuwa gundi.

Spidi za polepole ni kesi nyingine tena. Kuna meno madogo kama ya saa ndani ya shata, kazi yake ni kuchelewesha vibati visifunge mapema. Ukipiga sekunde moja unasikia "zzzzz", hiyo ndiyo sauti yake. Grisi ya kiwandani ikikauka hapo, zzzz inakatika katikati.

Mchumbageni

Ahsante wote. Nimesaga bisibisi, imekaa vizuri. Leo nimeanza na sehemu ya juu kwa sababu niliona ndiyo rahisi.

Ile hudi unayochungulia imeshikwa na skrubu kwenye pembe, kwa ndani. Ikitoka, kioo cha kutazamia kinabaki wazi, na chini yake kipo kioo cha kuakisi kimelala kwa mshazari. Vumbi lililokuwemo lingetosha kupanda mchicha. Kioo cha kutazamia nimekiosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, nikakikausha kwa kukipuliza kwa bomba la mpira, sikukifuta.

Sasa hicho cha kuakisi. Nilikuwa na kitambaa mkononi tayari.

fundi_koili

Usifute!

Mchumbageni

Mkuu nimechelewa kusoma. Nimefuta pembe moja tu, kiasi cha ukucha. Imetoka rangi yote, naona kioo kitupu.

fundi_koili

Pole. Kioo cha kujitazamia nyumbani kimepakwa fedha kwa nyuma, kinalindwa na kioo chenyewe. Hiki kimepakwa kwa mbele, utando uko hewani. Hapo ni kupuliza tu, ukizidiwa ni pamba iliyoloweshwa maji safi uipitishe bila kuikandamiza.

Kama picha unaiona vizuri pembeni hapo, iache. Ukitaka kubadilisha, nenda kwenye stationari yenye mashine ya fotokopi iliyokufa. Ndani kuna vioo virefu vyembamba vya aina hiyo hiyo. Kutambua: gusa kioo kwa ncha ya penseli. Ukiona nafasi kati ya ncha na kivuli chake, kimepakwa nyuma, hakikufai. Zikigusana, ndicho. Lakini unene uwe sawa na wa zamani, la sivyo fokasi ya juu itahama.

Likoni_Feri

Habari wadau, naandika kutoka Mombasa. Babangu alikuwa akipiga picha kwa kamera kama hiyo. Kwa ukungu wa lenzi sisi twaanika juani tu, siku tatu.

Dada Lenzi

Jua huua ukungu, kweli, ila halitoi nyuzi zilizokwisha kushika. Na kama umeshakula utando wa lenzi, alama itabaki milele hata usugue vipi. Mimi natumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa na amonia, nusu kwa nusu, kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Pamba, zungusha kutoka katikati kwenda nje, kisha maji safi, kisha spiriti ya mafundi simu. Fungua madirisha, harufu yake inakata pumzi. Na mtu yeyote asije akaweka Jik mahali pa peroksaidi akidhani zote ni dawa za kung'arisha. Jik na amonia vikikutana vinatoa hewa ya sumu.

Mchumbageni

UPDATE, wiki ya pili.

Lenzi ya chini. Ndiyo ya kupigia, ya milimita 80, f/3.5. Mbele kuna pete ambayo haina hata kijishimo cha kutia kitu. Inatoka kwa msuguano tu. Nilichukua kizibo kipana cha mpira, nikakizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakandamiza na kuzungusha kinyume cha saa. Dakika ishirini haikusogea. Nikaweka tone la spiriti kwenye mshono, nikaenda kula. Niliporudi ikatoka kama kifuniko cha chupa ya maji.

Chini yake kuna kikombe cha lenzi chenye vijishimo viwili vya kushikia spana. Spana sina. Nilitumia bikari ya chuma ya mwanangu wa sekondari, nikaikaza skrubu yake isicheze, ncha zote mbili nikazisaga ziwe bapa. Nilifunika lenzi kwa selotepu ya karatasi ili ikiteleza isichore kioo. Iliteleza mara mbili. Selotepu imeniokoa.

Kikombe kikatoka, na hapo ndipo nilipoona kilichomuua marehemu, namaanisha shata. Vibati vinang'aa kama chapati. Kwenye kona moja mafuta yamekaa ya rangi ya chai ya rangi.

Babu Mkanda

Kijana, nimekuwa nikisoma kimya. Nilikuwa na studio Morogoro miaka mingi, na kamera kama hiyo nilikuwa nazo tatu. Unakwenda vizuri. Sasa usimwagie petroli ya sheli, ina vitu vyake inaacha. Tafuta petroli ya kiberiti, ile ya kujazia viberiti vya chuma. Tone moja kwa kijiti, si kwa chupa. Piga shata, pangusa, piga shata, pangusa. Ukiona pamba inatoka safi, bado hujamaliza, maana yaliyobaki yako nyuma ya vibati. Subiri ikauke nusu saa, yatarudi mbele. Rudia.

Mchumbageni

Shikamoo mzee. Nimefanya hivyo hivyo.

Mara ya kwanza pamba ilitoka kahawia. Ya tano ikatoka safi nikafurahi. Nikaacha nusu saa kama ulivyosema, nikapiga, pamba ikatoka kahawia tena. Nilirudia kwa siku mbili, jumla mara kumi na saba. Vibati sasa vimefifia, havina mng'ao, rangi ya risasi ya penseli.

Meno ya spidi za polepole yalinilazimisha kufungua zaidi. Nilibandua ngozi ya mbele kwa ncha ya kisu butu na spiriti, skrubu zimejificha chini yake. Sitaandika kila kitu hapa kwa sababu kuna vishikio vinavyopeleka spidi na tundu (upana wa kupitisha mwanga) kwenye kipima mwanga, na ukikosea kuvirudisha sindano itakudanganya maisha yake yote. Aliye tayari kufika huko apige picha nyingi kuliko nilizopiga mimi. Kwenye meno nimeweka petroli ya kiberiti, nikapiga sekunde moja kama mara hamsini. Mwanzo ilikuwa "zz... zz... kimya". Baadaye "zzzzz-tk".

Ile "tk" ya mwisho, wakuu! Mke wangu alikuja kuuliza nacheka na nani.

Mafuta niliyoweka: hakuna.

Wakati vimefunguka nilisafisha na ukungu wa upande wa mbele wa lenzi ya nyuma. Ili kuufikia shata lazima ibaki wazi, nikaweka B, ile spidi ambayo shata inabaki wazi muda wote umebonyeza, binti yangu akashikilia kitufe. "Baba, kidole kimekufa." Vumilia mama. "Baba, nitaachia." Aliachia pamba ikiwa ndani. Vibati viliishika pamba kwa upole, nikaweka B tena, akabonyeza, ikatoka. Sitasema jasho lilitokea wapi. Baadaye nikakumbuka kuna waya wa kufyatulia wenye kufuli, unauacha umebonyeza ukaenda zako.

KibokoYaMbu

Hapo kwenye "vumilia mama" nimecheka peke yangu kwenye daladala. Endelea mkuu, tumekaa mkao wa kula.

Swali: umejuaje kama sekunde moja ni sekunde moja kweli, si masikio yako tu?

Mchumbageni

Simu. Rekodi video ya mwendo pole ya picha 240 kwa sekunde, mlango wa nyuma wazi, taa upande wa pili. Kisha hesabu ni picha ngapi mwanga unaonekana. Sekunde moja inatakiwa 240. Mimi nimepata 262. 1/30 inatakiwa 8, nimepata 9. Kwa 1/500 njia hii haifai, inapita kati ya picha mbili. Kwa mkanda mweusi na mweupe tofauti hizo huzioni.

Sasa kosa langu. Lenzi ya juu, ile ya kutazamia, nayo ilikuwa na ukungu. Nikajisemea hii si ya kupigia, haina shata, ni kioo tu. Nikaizungusha yote nikaitoa, nikasafisha, nikairudisha mpaka ikakaza.

Babu Mkanda

Uliweka alama kabla ya kuizungusha?

Mchumbageni

Hapana, mzee.

Babu Mkanda

Basi kamera yako sasa ni kipofu mwenye fimbo nzuri. Sikiliza. Ile ya chini kikombe kinakaza mpaka mwisho, pale pale kilipotoka, kwa hiyo fokasi haihami. Ya juu haikazwi mpaka mwisho. Kiwandani waliizungusha mpaka inachoona ikalingana na inachokiona ya chini, kisha wakaifunga. Wewe umeipeleka mwisho wa uzi wake. Utatazama juu uone uso mkali, mkanda utatoka na pua tu.

Dawa ipo. Tafuta kipande cha kioo cha fremu ya picha kikae kwenye reli za nyuma, zile za ndani anapolala mkanda, si za nje. Kibandike selotepu nyeupe isiyong'aa, upande wa selotepu uangalie lenzi. Shata wazi, tundu wazi kabisa. Tafuta kitu cha mbali.

Mchumbageni

Nimefanya jana jioni, nikiwa juu ya paa la jirani hapa Tabata. Cha mbali nilichagua mnara wa simu, upo zaidi ya kilomita moja. Waya wa kufyatulia umefungwa, khanga ya mke wangu kichwani kuzuia mwanga, na kioo cha kukuzia cha kusomea gazeti jichoni.

Kwanza nikahakikisha lenzi ya chini: kitufe cha fokasi kwenye alama ya mbali kabisa, mnara ukaonekana kwenye selotepu, umepinduka miguu juu, mkali kila chuma chake. Kwa hiyo ya chini haina tatizo. Kisha nikaenda juu na kuizungusha ile niliyoiharibu, robo nyuma, nusu nyuma, mpaka mnara ule ule ukawa mkali kwenye kioo cha kutazamia. Ilihitaji karibu mzunguko mzima na kitu. Mzunguko mzima! Nikarudia kwa karibu, mita moja, chupa ya soda yenye maandishi. Yamelingana. Nikaweka alama mbili kwa sindano, nikaifunga.

Dada Lenzi

Alama za sindano ungeziweka kabla, ungeokoa paa la jirani. Na ngozi uliibandika kwa nini? Usiniambie supa gluu.

Mchumbageni

Gundi ya washona viatu, nyembamba.

Dada Lenzi

Salama. Mvuke wa supa gluu huganda kama ukungu mweupe kwenye vioo vilivyo karibu, na huo hautoki kwa peroksaidi.

Likoni_Feri

Na betri je? Ya babangu kipimo kilikufa kitambo.

Mchumbageni

Ilitumia betri ya zebaki ya volti 1.35, hazitengenezwi tena. Ukiweka ya kawaida ya 1.5 sindano inapotoka. Za vifaa vya kusikia, namba 675, zina volti 1.4, zinakaribia, ila ukishabandua stika yake zinapumua hewa mpaka zinaisha zenyewe, utumie usitumie. Ya mjomba sindano haiamki hata kwa hiyo. Natumia kanuni ya jua: jua kali, tundu f/16, spidi iwe karibu na namba ya mkanda, ile ya wepesi wake wa kushika mwanga. Kwa mkanda wa 400 napiga 1/500. Kwa kivuli natumia programu ya simu.

Sponji nimezikwangua kwa vijiti vya meno na spiriti, ikachukua jioni nzima na bado kucha zina weusi. Mahali pake nimeweka uzi mweusi wa sufu kwenye mifereji, na kitambaa cha mahameli upande wa bawaba.

Mkanda wa kwanza, HP5 (mweusi na mweupe), picha kumi na mbili, umesafishwa. Kumi na mbili zote zina picha! Fokasi ipo pale nilipoiweka. Kuna ya mama mkwe amekaa barazani, unahesabu nyuzi za ukili anaosuka.

Ila picha mbili za mwisho zina mwanga ulioingia, umeungua upande mmoja. Nadhani sufu yangu ni nyembamba upande wa bawaba. Jumamosi nabandua naweka nene.

Babu Mkanda

Usibandue chochote bado. Itazame negativu yenyewe, siyo picha. Ule weusi umeanzia wapi: ndani ya fremu, au umeanzia ukingoni kabisa mwa mkanda, kwenye ule mpaka usio na picha, ukaingia ndani?

Mchumbageni

Subiri nikaangalie kwenye taa.

Umeanzia ukingoni, mzee. Unaingia ndani kama maji kwenye mkeka. Na ni pande zote mbili, upande mmoja umezidi.

Babu Mkanda

Hiyo siyo bawaba. Mkanda wa 120 hauna kopo, unalindwa na karatasi yake tu. Ukiutoa umelegea, mwanga unaingia kwa pembeni. Uliubana kwa kidole gumba ulipofungua mlango? Na uliutolea wapi?

Mchumbageni

Kwenye bodaboda, mzee. Saa saba mchana, Mwenge.